Nani Aliwatuma Wazungumze?

Nilisimamisha video pale kiumbe wa Andromeda, galaksi jirani na yetu, aliposema kwamba mazungumzo yake na mtu wa dunia yamepigwa marufuku.

Ni tamthilia ya televisheni ya Marekani, picha ni ya mwaka 1963, nyeusi na nyeupe. Kwenye kioo kilichojaa chenga yumo mtu anayeng'aa mwili mzima, macho makubwa, uso hausomeki. Mbele yake kasimama Allan Maxwell, mwenye kituo kidogo cha redio, anauliza maswali kwa haraka ya mtu anayejua mawasiliano yanaweza kukatika muda wowote. Kompyuta inatafsiri. Na katikati ya maswali hayo mgeni anaeleza, kwa sauti ile ile kavu aliyotumia kueleza kemia ya mwili wake, kwamba sheria za kwao hazimruhusu kuzungumza na dunia. Anajaribu tu mitambo, kwa siri. Kama Allan.

Allan anapokea habari hiyo na kuendelea na swali linalofuata.

Mimi sikuendelea.

Wiki kadhaa sasa jambo hilo linanifuata kwenye foleni ya benki, jikoni, ndani ya daladala konda na abiria wakibishana juu ya chenji. Nilikuwa nimetafuta The Outer Limits, tamthilia hiyo ya hadithi za kubuni za kisayansi, ili tu kupitisha usiku. Sehemu yake ya kwanza kabisa, "The Galaxy Being", ilirushwa na ABC ya Marekani Jumatatu tarehe 16 Septemba 1963, ikiwa imeandikwa na kuongozwa na Leslie Stevens. Nilitarajia vitisho vya kizamani na zimwi la mpira. Nikakuta wahalifu wawili waungwana.

## Umeme wa kituo

Hadithi za siri za viumbe wa angani tunajua zinavyokwenda. Kuna jengo jangwani, wanajeshi getini, faili lenye muhuri. Serikali inajua, raia hawajui. Hapa hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Serikali haina habari mpaka mambo yameharibika, na siri yenyewe imefichwa kwenye kibanda kilicho jirani na kituo cha redio kinachoitwa KXKVI.

Siri hiyo inakula umeme. Allan, anayeigizwa na Cliff Robertson, anachota nguvu ya mtambo wa kurushia matangazo na kuipeleka kwenye mashine zake, kwa hiyo kituo kinasikika kwa taabu. Mkewe Carol amechoka. Ndugu yake, ambaye ndiye sauti ya kituo hewani, naye amechoka. Biashara ni ya familia, na familia haikuulizwa kama inataka kugharamia safari ya mtu mmoja kwenda kwenye nyota.

Nilimpenda Allan upesi. Kila mtaa una mtu wake wa namna hiyo, aliyefungua redio nzima tatu ili atengeneze moja mbovu, na chakula chake kinapoa mezani.

Na watu kama yeye walikuwepo kweli. Mwaka 1937, uani kwa nyumba yake huko Wheaton, jimbo la Illinois, Grote Reber alijenga kwa fedha zake mwenyewe darubini ya redio yenye sahani ya upana wa zaidi ya mita 9. Miaka michache kabla yake, Karl Jansky, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, alikuwa amebaini kwamba mkwaruzo fulani kwenye redio unatoka katikati ya galaksi yetu. Wanaastronomia wengi waliusikia ugunduzi huo wakaendelea na shughuli zao. Reber akashindwa kuendelea na zake. Mchana alifanya kazi kwenye kampuni ya redio, usiku alisikiliza anga, kwa kuwa plagi za magari yaliyopita mchana zilimjazia kelele. Kwa karibu miaka kumi alikuwa takriban peke yake duniani kwenye fani hiyo.

Fikiria majirani walivyolitazama lile sahani.

Lakini Reber alisikiliza tu. Hata mwanaastronomia Frank Drake, alipoelekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za jirani mwaka 1960, Tau Ceti na Epsilon Eridani, alikuwa anasikiliza. Anayesikiliza hamfungi mtu yeyote kwa neno lake. Allan alivuka mstari huo siku alipojibu, na sidhani kama aliuona.

## Wa upande wa pili

Aliyevaa lile vazi alikuwa William O. Douglas Jr., mtoto wa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani mwenye jina hilo hilo. Vazi lenyewe lilikuwa la mpira, la wapiga mbizi, na ule mwanga wa ajabu ulipatikana kwa kugeuza picha kuwa negativu, ili cheusi kiwe cheupe. Ni ujanja rahisi, na bado unafanya kazi. Nimeona filamu za mamilioni ya dola ambazo kiumbe wake hanitishi nusu ya huyu.

Namtaja jaji kwa sababu sikuweza kuacha kulifikiria. Baba anakaa kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi, mwana anaigiza mvunja sheria wa galaksi nzima.

Mazungumzo yao ndiyo kiini cha sehemu hii. Mgeni mwili wake umejengwa kwa naitrojeni, sisi wetu kwa kaboni. Wanaulizana kuhusu kifo, kuhusu vita, kuhusu Mungu. Kwa mgeni, mawimbi ya akili hayakomi, yanasafiri bila mwisho, na huo usio na mwisho ndio anaoufananisha na Mungu. Allan anasikiliza kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuzungumza na mtu yeyote kwa kina namna hiyo, hata na mkewe. Hasa na mkewe, ningesema.

Binamu yangu, fundi wa mitambo ya redio, alicheka niliposimulia. "Kaka, Andromeda iko miaka ya mwanga milioni mbili na nusu. Ukisema hujambo leo, akijibu papo hapo, sijambo yake utaipata baada ya miaka milioni tano. Hao wanapiga soga kama wako baraza moja." Yuko sahihi, na hadithi inalipita hilo kwa kulinyamazia. Nimeamua kulisamehe. Bila hilo hakuna mazungumzo, na bila mazungumzo hakuna kosa.

Kwa maana hapo mwanzo niliyaona yote kama mapenzi. Watu wawili wapweke, kila mmoja katoroka kwao usiku, wamekutana katikati. Sheria za huko kwao? Za wazee waoga, nikajisemea. Dunia ni hatari, msizungumze nayo. Ni lugha ya kila mlango uliowahi kufungwa usoni mwa mtu.

Baadaye nikaanza kujiuliza waliokataza walikuwa wameona nini.

## Agosti na Septemba

Tarehe 30 Agosti 1963 laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow ilianza kazi. Haikuwa simu nyekundu ya kwenye filamu. Ilikuwa mashine za teleksi, maandishi tu, na iliwekwa kwa sababu wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, ujumbe kati ya wakubwa wawili ulichukua saa nyingi kufika na kufumbuliwa huku vidole vikiwa karibu na vitufe. Mataifa mawili yenye uwezo wa kuangamizana yakakubaliana nani atazungumza na nani, kwa mashine gani, kwa lugha gani. Kila upande uliandika kwa lugha yake.

Siku 17 baadaye Allan Maxwell anaonekana kwenye televisheni za nyumbani akiwa na laini yake binafsi kwenda galaksi nyingine, na hakuna aliyemteua.

Kuna na jambo jingine, gumu zaidi kulitazama. Jumapili tarehe 15 Septemba, siku moja kabla sehemu hii haijarushwa, wabaguzi wa rangi walilipua kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 huko Birmingham, Alabama, wakaua wasichana wanne. Stevens hakuweza kujua, kazi yake ilishakamilika. Lakini usiku wa Jumatatu, walioketi mbele ya televisheni walimsikia kiumbe akieleza kwamba kwao dunia yetu inahesabiwa kuwa ya hatari, kwa kuwa tunaangamizana. Sijui ni nani kati ya watazamaji wa usiku ule angesimama kuwatetea wanadamu, na kwa hoja ipi.

Hapo ndipo nilipohama upande. Wale wakubwa wa Andromeda, ambao hatuwaoni hata mara moja, wakaanza kunielea. Walikuwa wanatusoma kutoka mbali na walitusoma vizuri.

## Mkono wa mtangazaji wa zamu

Kisha kuna ile karamu.

Mji umeandaa chakula cha jioni kumpongeza Allan, na Carol anasisitiza lazima waende. Allan hataki kuikata ishara, kwa hiyo anaacha mtambo ukifanya kazi kwa nguvu ndogo, na agizo kwamba usiguswe. Anaondoka. Mtangazaji anayeshika zamu anaona kituo kinasikika kidogo, na kama mtangazaji yeyote anataka asikike mbali. Anaongeza nguvu.

Ishara inamvuta mgeni mzima mzima kutoka upande wa pili.

Anatokea duniani bila kutaka, mwili wake ukitoa mionzi inayounguza, akitafuta mtu mmoja tu anayemfahamu. Watu wanaumia, upepo unavuma, magari yanakimbia. Hakuna nia mbaya mahali popote katika msururu huo. Mke alitaka mumewe apongezwe, mtangazaji alitaka kazi yake isikike, mgeni alitaka kumfikia rafiki.

Nimeirudia sehemu hii nikitafuta wa kumlaumu, na kila mara narudi kwa Allan, ingawa alitoa agizo lililo wazi. Alimpa mwenzake agizo bila sababu. Huwezi kumwambia mtu "usiguse" ukamficha kwamba upande wa pili wa waya kuna mtu. Angelijua, angeguna kidogo, kisha angekaa mbali na ile swichi usiku kucha. Siri haikumlinda mgeni hata dakika moja. Ndiyo iliyomleta.

## Waliosema kwa niaba yetu

Jambo hili halikubaki kwenye televisheni.

Mwaka 1967 huko Cambridge, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu, aliona kwenye karatasi za mtambo wake mapigo yanayojirudia kila baada ya sekunde 1.33, sawasawa mno kuwa ya nyota yoyote iliyojulikana wakati ule. Yeye na msimamizi wake, Antony Hewish, waliipachika ishara hiyo jina la utani la watu wadogo wa kijani, nusu mzaha. Nusu nyingine haikuwa mzaha. Kabla ya Krismasi kulikuwa na kikao cha kujadili: kama kweli kuna mtu huko, tunatangazaje? Tunamwambia nani kwanza? Bell amesimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyokasirika, kwamba yeye anahangaika kumaliza shahada yake, na hao viumbe wameona waje kuchagua antena yake. Muda si mrefu akapata chanzo cha pili sehemu nyingine kabisa ya anga, na dhana ya viumbe ikafa, kwa kuwa haiwezekani wawili walio mbali mbali wakapatana kutupigia honi. Zilikuwa pulsa, nyota zinazozunguka kwa kasi. Makala ilitoka Februari 1968.

Siri ya miezi michache, iliyotunzwa kwa sababu nzuri. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle, mwanaastronomia mwenzake wa Cambridge. Bell hakuwemo. Hiyo ni makala nyingine, na nikiianza hapa sitaimaliza.

Ryle ninamhitaji. Novemba ya mwaka ule ule wa 1974, darubini ya Arecibo huko Puerto Rico ilizinduliwa upya baada ya matengenezo, na kwenye sherehe wakarusha ujumbe kuelekea kundi la nyota la M13, umbali wa takriban miaka ya mwanga 25,000. Ujumbe wenyewe haukufika dakika tatu. Una namba, una umbo la mtu, una alama ya sayari yetu ilipo. Ryle alipinga waziwazi. Unapopaza sauti msituni, aliye na njaa naye anasikia. Hayo maneno ni yangu, hoja ni yake.

Mwaka 1989 Chuo cha Kimataifa cha Sayansi za Anga kilipitisha tamko la kanuni, na mojawapo inasema hivi kwa ufupi: ishara ikipatikana, isijibiwe mpaka mashauriano ya kimataifa yafanyike. Niliposoma nilicheka peke yangu. Ni marufuku ya Andromeda, imeandikwa na sisi. Haina polisi wala faini, lakini mtu kama Allan Maxwell leo angekuwa anaivunja.

Kisha nikafika Voyager, na kicheko kikaisha.

Vyombo viwili vya anga vya Marekani vyenye jina hilo, vilivyoondoka Agosti na Septemba 1977, vimebeba kila kimoja sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia. Kuna salamu za lugha 55. Kuna Kisumeri na Kihiti, lugha ambazo hakuna mtoto aliyezungumza nazo na mama yake kwa maelfu ya miaka. Kuna Kiganda, ambacho kinawaombea viumbe wote amani ya Mungu, na kuna Kinyanja. Kuna wimbo wa wasichana wa Ituri, Kongo, kutoka kwenye sherehe za unyago, yaani kutoka kwenye misitu ambayo ukitoka barabarani unaamkiwa kwa Kiswahili.

Kiswahili chenyewe hakimo.

Sidhani kuna njama. Kamati ya mwanaastronomia Carl Sagan, iliyoandaa sahani hizo, ilikuwa na muda mfupi mno, na salamu nyingi zilirekodiwa kwa kutumia waliopatikana karibu, hasa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Nani yuko chuoni leo mchana? Basi huyo ndiye ubinadamu. Na salamu ya mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule ni ya Kurt Waldheim, ambaye miaka tisa baadaye ilifichuka kwamba alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake kwenye jeshi la Ujerumani wakati wa vita kuu ya pili. Sauti yake ndiyo inayotutambulisha, na imeshatoka nje ya eneo la sayari.

Sikuulizwa. Wewe pia hukuulizwa. Ninapoona hivyo, hasira yangu dhidi ya Allan inapungua makali, kwa kuwa kamati yenye barua na mihuri haikufanya vizuri kuliko yeye katika kuomba ruhusa. Yeye angalau alisema kwa niaba yake mwenyewe. Alijitambulisha kama mtu mmoja anayetaka kujua, hakujifanya dunia. Kama ningelazimishwa kuchagua nani anizungumzie, fundi mwenye chakula kilichopoa au mheshimiwa mwenye historia iliyofutwa kurasa, nadhani ningechukua muda mrefu kujibu.

## Hukumu ya upande mmoja

Mwisho wa sehemu hii ndio ulionigawa zaidi.

Polisi na askari wamekizingira kituo. Risasi iliyokusudiwa mgeni inampata Carol, na mgeni anamtibu kwa ile ile mionzi iliyokuwa inaunguza watu. Kisha anauangusha mnara wa redio mbele ya macho yao, ili waone angeweza kufanya nini kama angetaka, na kuwaambia waende majumbani wakayatafakari mafumbo ya ulimwengu. Wanakwenda. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa hadithi. Umati wenye bunduki haujawahi kutawanywa na hotuba, na Stevens aliyekuwa mwandishi mzuri hivyo alilijua hilo.

Halafu wanabaki wawili ndani. Allan anataka kumrudisha. Haiwezekani, mgeni anasema, alivunja sheria na kwao atamalizwa. Hapa nako hawezi kukaa. Basi anakwenda kwenye mtambo na kupunguza nguvu kwa mkono wake, taratibu, mpaka hayupo.

Nimesikia wakiita hiyo kujitoa mhanga. Siioni hivyo. Hakumwokoa mtu kwa kufa kwake, Carol alishapona na askari walishaondoka. Kwangu mimi ni mkimbizi aliyehesabu milango na kukuta yote imefungwa. Kosa walilifanya wawili, kwa kiwango kile kile, kwa sababu ile ile. Mmoja anakufa na kipindi hakikumpa hata jina. Mwingine anabaki na mke aliyepona, maarifa ambayo hakuna binadamu mwingine anayo, na hakuna afisa anayemfungulia shauri.

Nilimwandikia binamu yangu hayo yote, ujumbe mrefu, usiku sana. Nikamuuliza kama anaona ni haki.

Akajibu asubuhi, na alikuwa ameitazama mwenyewe mpaka mwisho: "Haki sijui. Mnara wa redio unajua bei yake? Mtambo umeungua, mnara uko chini, mtangazaji hayupo, na matangazo ya wafanyabiashara yameshalipiwa. Nani kati yao atawapigia simu kesho? Maana siyo Allan."

Nikairudisha video dakika za mwisho kumtafuta Carol.